Kupanga Vikosi Mezani: Kutoka Garissa hadi Mto Juba, 1941

Mchezo wa vita wa mezani huchezwa kwa sanamu ndogo za askari, magari na mizinga zilizogandishwa kwenye vibao vyembamba, juu ya meza iliyopambwa ifanane na uwanja halisi. Wachezaji hupima mwendo kwa rula, huamua matokeo ya risasi kwa dadu, na hufuata kitabu cha kanuni. Kabla ya dadu ya kwanza kurushwa huwa kuna kazi inayoweza kula jioni nyingi kuliko mchezo wenyewe: kuamua kila kibao ni kikosi gani, kiko chini ya nani, na kitasimama vipi.

Katika kazi hiyo mna mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Moja ni muundo, yaani nani ni wa nani: platuni ndani ya kombania, kombania ndani ya batalioni, batalioni ndani ya brigedi. Jingine ni mpangilio, yaani umbo la askari wakiwa uwanjani: mlolongo njiani, mstari wa kushambulia, duara la kulala usiku. Wapangaji wengi hudhani kwamba muundo hupatikana kwenye vitabu na mpangilio kwenye ardhi. Kampeni iliyoanzia Garissa mwezi wa Februari 1941 inaonyesha vingine. Huko hata muundo wa jeshi uliamuliwa na maji, barabara na majira, na mpangaji asiyeyajua hayo atajaza meza yake vikosi ambavyo havingeweza kufika hapo.

Mchezo wenyewe una nasaba ndefu. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, luteni wa mizinga wa Prussia, alichapisha kanuni za mchezo wa ramani na vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi kwa vipimo halisi vya ardhi, na jeshi la nchi hiyo likautumia kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kuchezea askari wa bati sakafuni kwa vimizinga vinavyorusha vijiti. Reisswitz alianza na kikosi akatafuta kipande cha kukiwakilisha. Wells alianza na sanamu, na sanamu moja ilikuwa askari mmoja. Kanuni zote zilizofuata hukaa upande mmoja au mwingine wa mgawanyiko huo, na swali la kwanza la mpangaji ni upande gani anaochagua.

Kwa vita vya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, pande zote mbili zina pa kusimama. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na ndani ya mwezi huohuo Wajir ilikuwa tayari imeshambuliwa kwa mabomu kutoka angani. Mwezi wa Julai kombania ya King's African Rifles, ambao raia waliwaita Keya, ilizingirwa katika ngome ya Moyale, ikapenya kwenye mzingo usiku wa kuamkia tarehe 15 na kutokomea gizani. Tukio hilo ni la sanamu moja kwa askari mmoja. Watu ni wachache, nafasi ni finyu, na jambo la kuamuliwa ni nani atatangulia kutoka, nani atabeba majeruhi, nani atabaki nyuma na rashasha. Mchezaji hapo ni kapteni au luteni. Akipewa kibao kimoja kinachowakilisha kombania nzima hatakuwa na la kufanya, kwa kuwa kila alichohitaji kukiamua kimefungwa ndani ya kibao hicho.

Mwezi wa Februari 1941 mambo yalikuwa na ukubwa mwingine. Luteni Jenerali Alan Cunningham, aliyeshika uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki tarehe 1 Novemba 1940, alikuwa amekusanya nguvu zake upande wa mashariki katika Garissa na Bura, kwenye mto Tana. Kutoka hapo brigedi zilivuka mpaka, Afmadu ikachukuliwa tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25. Mchezaji anayeshika nafasi ya kamanda wa divisheni katika safari hiyo hana nafasi ya kujua koplo yupi yuko nyuma ya mti upi.

Kanuni inayofaa hapa ni ya kushuka ngazi mbili. Kamanda humpa amri aliye ngazi moja chini yake, lakini akilini huona vikosi vya ngazi mbili chini. Kamanda wa divisheni huamrisha brigedi na kuwaza kwa batalioni; kamanda wa brigedi huamrisha batalioni na kuwaza kwa kombania; kamanda wa batalioni huamrisha kombania na kuwaza kwa platuni. Kibao kidogo kabisa mezani basi kiwe cha ngazi mbili chini ya mchezaji. Wapo wanaoshuka ngazi tatu wakitaka meza ijae, na matokeo yake ni mchezo wa saa tisa ambao hauishi, kila mtu akiwa koplo na jenerali kwa wakati mmoja.

Baada ya ngazi huja tarehe, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Divisheni mbili za Kiafrika zilizopigana kutoka Kenya zilijulikana kuwa ya 1 na ya 2 hadi mwishoni mwa Novemba 1940, ndipo zikapewa namba 11 na 12. Mchezo wa Oktoba wenye “Divisheni ya 12” umekosea kabla haujaanza. Kosa zito zaidi ni kudhani kwamba brigedi hukaa chini ya divisheni moja kama mtoto kwa mzazi wake. Katika mapigano ya Juba, Divisheni ya 12 chini ya Meja Jenerali Godwin-Austen ilikuwa na Brigedi ya 1 ya Afrika Kusini, ya 22 ya Afrika Mashariki na ya 24 ya Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Brigedi ya 23 ya Nigeria ilikuwa ya Divisheni ya 11 chini ya Meja Jenerali Wetherall. Baada ya Juba kuvukwa, Divisheni ya 11 ilitangulizwa kwenda Mogadishu na kupanda Ethiopia, ikapokea brigedi nyingine njiani. Brigedi ya 22, iliyokuwa na askari wa Keya, ilitoka Tana chini ya divisheni moja na kufika Addis Ababa mwezi wa Aprili chini ya nyingine.

Sababu ya kuhamishwa huko haimo katika jedwali lolote la muundo. Imo katika malori. Jeshi lililoondoka Garissa lilikwenda kwa magari, na magari hayakutosha kuwabeba wote kwa pamoja pamoja na petroli, chakula, risasi na maji yao. Aliyekuwa mbele alipewa malori, aliyekuwa nyuma alingoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza “brigedi hii ni ya divisheni gani?”, mpangaji anapaswa kuuliza “siku hiyo ilikuwa na malori ya nani?” Jibu la swali la pili kwa kawaida hulitatua la kwanza.

Kazi ya vitabu haiwezi kukwepwa. Orders of Battle cha H. F. Joslen, kilichotoka mwaka 1960, kinaonyesha divisheni na brigedi za Uingereza pamoja na tarehe za kuhama kwake, na The King's African Rifles cha Moyse-Bartlett cha mwaka 1956 kinazifuata batalioni za Keya moja moja. Viwili hivyo vikisomwa kwa pamoja, kalenda pembeni, muundo wa upande wa Waingereza hupatikana bila kubahatisha sana. Hesabu ya jumla yenyewe ni nyepesi: brigedi ina batalioni tatu, batalioni, kwa mfano wa jeshi la Uingereza, ina kombania nne za bunduki, kombania ina platuni tatu, platuni ina seksheni tatu. Batalioni moja ni platuni 12 pamoja na makao makuu yake.

Vikosi vya kuazimwa ndivyo vinavyosumbua zaidi. Betri za mizinga, magari ya deraya, wahandisi na vikundi vya maji havikuwa mali ya kudumu ya batalioni yoyote. Viligawiwa kwa siku na kwa kazi. Uvamizi wa El Wak wa tarehe 16 Desemba 1940 ni mfano mzuri. Makazi hayo yaliyokalia mpaka, ambayo upande wake wa Kenya sasa uko katika Kaunti ya Mandera, yalishambuliwa na Brigedi ya 24 ya Gold Coast na Brigedi ya 1 ya Afrika Kusini, pamoja na vifaru vyepesi na magari ya deraya ya Waafrika Kusini. Anayeupanga uvamizi huo mezani kwa kuipa kila batalioni sehemu sawa ya vifaru atakuwa ametenda haki asiyoombwa. Vifaru vilikuwa vichache, vikatumwa palipotakiwa kuvunjwa mlango. Mezani navyo vikae pamoja, chini ya kamanda mmoja.

Vipimo vya meza sharti vikokotolewe kwa kalamu. Chukua meza ya sentimita 180 kwa 120, na sentimita moja iwe mita 25 za ardhi. Meza nzima ni kilomita 4.5 kwa 3. Kibao cha platuni chenye upana wa sentimita 3 kinashika mita 75. Vibao vitatu vya kombania, vikiachiana sentimita moja na nusu, vinashika sentimita 12, yaani mita 300, upana unaokubalika kwa kombania inayoshambulia. Batalioni yenye kombania mbili mbele na mbili nyuma inashika sentimita 26 hivi ukihesabu nafasi ya katikati. Brigedi yenye batalioni mbili mbele haifikishi sentimita 60, hivyo theluthi mbili za urefu wa meza hubaki wazi pembeni. Uwazi huo haupaswi kuzibwa. Vita vya nyika ya mashariki viliamuliwa ubavuni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na meza iliyojazwa askari ukingo hadi ukingo huifuta nafasi hiyo.

Sanamu zenyewe hazitii kipimo hicho. Askari mwenye urefu wa sentimita 2 angekuwa, kwa kipimo cha ardhi, mtu wa mita 50. Hilo halidhuru, kwa kuwa sanamu ni alama tu na kinachopimwa ni kibao. Kwa magari ni lazima kuwa mwangalifu. Lori la mita 6 lililotengenezwa kwa kipimo cha moja kwa mia lina urefu wa sentimita 6 mezani, na hizo ni mita 150 za njia. Malori yakiachiana mita 50 kwa sababu ya vumbi na ndege za adui, sanamu moja ya lori inasimama mahali pa malori matatu. Sanamu kumi zikifuatana zinachukua sentimita 60, ambazo ni kilomita moja na nusu ya msafara. Mpangaji akishaona hivyo kwa macho yake, anaelewa kwa nini brigedi haiingii mezani yote kwa mkupuo. Kichwa cha msafara huwa kimeanza kupigana huku mkia ukiwa bado nje ya meza, na kuingia kwa kila batalioni kunapaswa kuandikwa kwa saa.

Sasa ardhi. Kutoka Garissa kwenda Dadaab na Liboi nchi ni tambarare, mchanga mwekundu kwanza kisha udongo wa kijivu, na vichaka vya miiba vilivyosongamana kiasi kwamba jicho haliendi mbali. Mikoma na miti mirefu huishia karibu na Tana; nyuma yake ni migunga, na laga kavu zinazokatiza njia. Cunningham alikuwa amekusudia awali kungoja mvua za gu zipite, kisha akaamua kutangulia kabla hazijafika. Kwa mfugaji wa Garissa uamuzi huo una maana iliyo wazi. Mwezi wa pili ni katikati ya jilaal, majira ya ukavu: gari halizami kwenye tope, lakini maji hayapatikani juu ya ardhi. Jeshi lilipata njia ngumu na kavu kwa gharama ya kubeba maji yake, huku wahandisi wa Afrika Kusini wakichimba visima.

Mambo hayo yanatoa kanuni za mpangilio. Ndani ya kichaka kizito macho yapewe sentimita 2 hadi 4, yaani mita 50 hadi 100. Vibao vya platuni vikiachiana zaidi ya hapo, vimepotezana, na kombania haipokei amri mpaka ikusanyike tena. Hivyo mstari mpana, unaopendeza sana kwenye meza yenye nyasi za plastiki, hauwezi kudumu katika nchi hii. Kikosi kinachotaka kubaki kimoja husogea kwa milolongo mifupi sambamba, kila kombania ikifuata mshale wa dira, na hutanuka kuwa mstari dakika za mwisho tu. Kutanuka huko kuigharimu kombania nusu ya mwendo wake, na hiyo nusu ndiyo inayomlazimu mchezaji kuamua mapema. Akichelewa, atashikwa na rashasha akiwa bado mlolongo. Akiwahi mno, atafika vipande vipande.

Umbo la mraba linastahili kutajwa kwa sababu wapangaji wa vita vya Kisomali hulipenda. Miaka arobaini kabla ya Juba, majeshi ya Uingereza yaliyomwandama Sayyid Mohamed Abdullah Hassan yalitembea na kulala kwa mraba, ngamia na mizigo katikati, bunduki zikielekea pande nne. Mraba hulipa palipo wazi. Tarehe 17 Aprili 1903, huko Gumburu, safu ya Luteni Kanali Plunkett, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya askari wa Keya, ilizingirwa na Madarwishi, wafuasi wa Sayyid, na kufutwa karibu yote, yeye mwenyewe akiwemo. Kanuni ya mraba ambayo haina hesabu ya risasi, kibao kwa kibao, haiwezi kuieleza siku hiyo, maana umbo lililokuwa ngome asubuhi liligeuka kaburi risasi zilipokwisha. Kufikia mwaka 1941 bunduki za rashasha na lori vilikuwa vimeufuta mraba mchana; uliosalia ni wa usiku tu, malori yakizungushwa kama boma la miiba na askari wakilala ndani.

Mwaka 1941 upande wa pili wa mto Juba ulikuwa chini ya Jenerali Mwitalia Carlo De Simone, wenye divisheni za kikoloni zilizopewa namba 101 na 102. Jina la divisheni lisimdanganye mpangaji, kwa kuwa vikosi hivyo vilitapakazwa kandokando ya Juba kulinda vivuko, na divisheni iliyotapakazwa hivyo haipaswi kuwekwa mezani kama ngumi moja. Ianze kama batalioni zilizokaa mbalimbali, kila moja na sehemu yake ya ukingo, na kamanda wake apate taabu ya kuzikusanya. Mbele ya mpaka walikuwepo dubat, Wasomali wasio wa jeshi la kawaida, walioitwa hivyo kwa vilemba vyao vyeupe. Hao hawafai kupangwa kwa platuni na kombania. Kibao chao kiwe chembamba, kiende upesi kichakani, kione mbali kuliko wengine, na kisilazimishwe kusimama kupigana.

Hapo panakuja suala la daraja, yaani namba inayokipa kila kikosi uwezo wa kustahimili. Ni sehemu ambayo mpangaji anaweza kuwatendea watu dhuluma bila kukusudia. Vikosi vingi vya kikoloni vya Kiitalia vilisambaratika baada ya Juba, askari wakirudi makwao. Ni rahisi kuandika “kikoloni, daraja la chini” na kuendelea, kisha kalamu ileile ikawashusha Keya, Wanigeria na watu wa Gold Coast kwa kuwa nao walikuwa Waafrika chini ya maofisa wa Kizungu. Ushahidi wa mwaka 1941 unakataa kabisa. Brigedi ya 24 ndiyo iliyovuka Juba upande wa juu. Brigedi ya 23 ndiyo iliyoingia Mogadishu na kufika Jijiga tarehe 17 Machi. Daraja litokane na mambo yanayohesabika: kikosi kimefunzwa kwa muda gani, kimepigana mara ngapi, kimekunywa maji lini, kina sababu gani ya kuipigania bendera iliyo juu yake. Askari wa Kisomali aliyeacha bunduki ya Mwitalia akaenda zake hakupungukiwa ushujaa. Alikuwa nyumbani, na vita havikuwa vyake. Mezani hilo huonyeshwa kwa kumpa ustahimilivu wa kawaida katika kupigana na kumshusha pale tu kamanda anapomwamuru arudi nyuma, aiache nchi yake.

Kuweka vikosi mezani ndiyo hatua ya mwisho, na mkazi wa Garissa ana mfano wake karibu. Katika shax, mchezo wa Kisomali unaochorwa mchangani chini ya mti, kuna makutano 24 na kila mchezaji ana kete 12. Kete huwekwa moja moja kwa zamu hadi makutano yote yajae, na wakati huo hakuna kulana. Anayejua shax anajua kwamba mchezo huelekea upande mmoja kabla kete yoyote haijasogea, na mwenye papara ya kupanga kete zake tatu mstarini mapema huweza kujifungia njia. Vikosi vya mezani navyo viwekwe kwa zamu, batalioni kwa batalioni, kwanza kile kisichoweza kusogea upesi, mwisho magari ya deraya. Anayejilinda aweke alama zilizofunikwa, nyingine zikiwa tupu, kwa sababu kichaka cha Juba kilificha mengi kwa pande zote mbili.

Kwa mchezo wa Yonte, mahali Waafrika Kusini walipovuka mto Juba tarehe 17 na 18 Februari, karatasi ya mpangaji iliyokamilika haizidi ukurasa mmoja. Inataja Brigedi ya 1 ya Brigedia Dan Pienaar na batalioni zake tatu kwa vibao vya kombania, betri zilizoazimwa, wahandisi wenye mashua na vifaa vya daraja, na saa ya kila kimoja kuingia. Ng'ambo inataja batalioni za kikoloni zilizotawanyika, mbili tu zikiwa mezani na nyingine zikitupiwa dadu kila saa ili kujua kama zimepata habari. Kando, nje ya meza kabisa, kuna kibao cha Brigedi ya 24 kinachosogezwa kwenye ukanda wa karatasi kuelekea kivuko cha Mabungo upande wa juu wa mto. Nyuma ya wote, kwenye njia ya kurudi Tana, kuna sanamu ya lori moja la maji. Likichelewa, vikosi vyote vilivyo mezani hupunguziwa mwendo tangu zamu inayofuata.